Mbio za Sakafuni

Msomaji, nilikopeshwa kitabu na kijana wa kidato cha tatu ambaye ni jirani yangu. Alikileta kwa mikono miwili, kama mtu achukuaye chungu chenye maji ya moto, akaniambia kuwa shuleni kwao kilikuwa kimepita katika mikono ya darasa zima. Nilikipokea kwa furaha. Kilikuwa ni riwaya ya Kiswahili, kilisimulia habari za wakimbiaji wa nyanda zetu za juu, na kiini chake kilikuwa ni mapenzi ya vijana wawili. Ni nani asiyetaka kusoma hadithi ya namna hiyo? Niliketi nacho baada ya chakula cha jioni, nikakimaliza kabla ya usingizi. Nilipokifunga nilijiona kama mgeni aliyealikwa karamu, akanawishwa mikono, akakalishwa mkekani, kisha akaletewa sinia tupu.

Kitabu hicho sitakitaja kwa jina, wala mwandishi wake. Kosa lake si lake peke yake. Na mtu mmoja akiadhibiwa kwa kosa la wengi, wengi hao hurudi nyumbani wakijidhania wema. Hoja yangu ni juu ya jamii nzima ya vitabu vinavyoandikwa mbiombio, vikapigwa chapa mbiombio, vikauzwa kwa vijana kwa uzuri wa jalada. Nataka kukuonyesha, ewe msomaji kijana, kuwa kitabu cha namna hii kinakudhulumu mara mbili: kinakudhulumu katika habari za mchezo, na kinakudhulumu katika habari za mapenzi. Na dhuluma ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana wa milimani, binti wa mjane, anasifika shuleni kwa wepesi wa miguu. Kijana mmoja, mkimbiaji mashuhuri aliyerudi kutoka Ulaya, anamwona akipita barabarani alfajiri, na papo hapo moyo wake unatekwa. Sura saba za mwanzo zinakwenda kwa mwendo wa haki. Mna asubuhi yenye ukungu, mna vumbi jekundu la njia, mna mama anayehesabu fedha za karo juu ya meza, akizipanga mafungu, akizihesabu tena kana kwamba zingeongezeka kwa kuhesabiwa. Katika sura hizo nilimpenda mwandishi. Kisha, kama dereva aliyekumbuka kuwa abiria wengine wanamngoja mjini, akakanyaga mafuta. Katika sura tatu za mwisho msichana anaumia mguu, anapona, anagombana na mpenzi wake, anashinda mashindano ya taifa, anakwenda Olimpiki, anapatana na mpenzi wake, anavishwa dhahabu na kuolewa. Mama yake, ambaye alizikwa katika sura ya nne, anatokea katika sura ya mwisho akimpokea bintiye uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Hapana hata mmoja aliyestaajabu, wala binti mwenyewe.

Tuanze na mchezo. Mwandishi anasema kuwa mbio za mita 1500 ni mizunguko mitano ya uwanja. Kila mtoto aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa mita 400 ajua kuwa ni mizunguko mitatu na robo tatu, na ndiyo sababu wakimbiaji wa mbio hizo hawaanzii pale wanapomalizia. Utasema kuwa hilo ni kosa dogo. Ni dogo, lakini linatoa siri kubwa. Linatuambia kuwa mwandishi hakwenda uwanjani hata siku moja akasimama, akatazama, akahesabu. Na mtu asiyehesabu mizunguko ya uwanja, ambayo yaonekana kwa macho, atahesabu vipi mapigo ya moyo, ambayo hayaonekani?

Tazama tena habari ya mguu. Msichana anapata ufa katika mfupa wa muundi. Dhara hilo wakimbiaji wanalijua sana; hutokana na mguu kupiga ardhi mara maelfu bila ya mapumziko ya kutosha. Dawa yake kubwa ni kupumzika, na mapumziko hayo huchukua majuma, aghalabu sita au manane, na pengine zaidi. Katika kitabu hiki mguu unapona kwa siku tatu, baada ya mpenzi kumshika msichana mkono na kulia. Machozi ni dawa ya mambo mengi, lakini sijasikia kuwa huunga mifupa.

Na hapa ndipo majuto yangu yalipo. Hadithi yenyewe ilikuwa pale, katika majuma yale manane! Msichana ameketi barazani, mguu juu ya kigoda. Alfajiri anasikia wenzake wakipita, viatu vyao vikigonga njia kwa mpigo mmoja, na sauti ikififia bondeni. Anajua kuwa kila siku aketiyo hapo mtu mwingine anakimbia kwa ajili ya nafasi yake. Mama anauliza kwa upole lini ataanza tena, na ndani ya swali hilo mna karo ya wadogo zake. Je, kijana yule mashuhuri atakuja kumtazama mara ngapi? Juma la kwanza atakuja kila siku. Juma la nne atakuja mara moja, na atatazama saa. Au labda atakuja kila siku mpaka mwisho, na hapo ndipo msichana atajua kuwa anapendwa yeye mwenyewe, wala si miguu yake. Hayo yote mwandishi aliyaruka kwa sentensi moja. Aliruka mto uliokuwa na samaki, akaenda kuvua katika dimbwi.

Wako watakaomtetea. Watasema kuwa riwaya ya wakimbiaji haina budi kwenda mbio. Neno hili ni tamu masikioni, lakini halina ukweli. Wasemao hivyo wamechanganya kasi na haraka, na vitu hivyo viwili havikuzaliwa na mama mmoja. Kasi ni tunda la maandalizi ya polepole. Haraka ni mti usiopaliliwa.

Mtazame David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Alishika mbele tangu mwanzo, na hapana aliyempita. Mtu aliyeona mbio hizo tu atadhani kuwa ushindi ni jambo la dakika moja na nusu hivi. Lakini mwaka 2008 Rudisha hakwenda Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya maumivu. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia mjini Berlin, hakufika fainali. Mwaka 2010 aliivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa juma moja, na mwaka 2011 akawa bingwa wa dunia. Huko nyuma kabisa alikuwa mwanafunzi chini ya mkufunzi wake, Brother Colm O'Connell, ambaye alifika Iten kufundisha katika shule ya St. Patrick's mwaka 1976, kabla Rudisha hajazaliwa. Dakika ile ya London ilipikwa kwa miaka mingi.

Mtazame na Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mjini Paris. Mwaka 2012 hakuchaguliwa kwenda Olimpiki ya London. Angaliweza kukata tamaa. Badala yake aligeukia marathoni mwaka uliofuata. Mwaka 2017, nchini Italia, alijaribu kukimbia kilomita 42 na mita 195 chini ya saa mbili, akapungukiwa na sekunde 26 tu. Alirudi kambini Kaptagat, mahali ambapo wakimbiaji huishi pamoja na kugawana kazi za kufagia na kuosha kama watu wa nyumba moja. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sekunde 26 zilimgharimu zaidi ya miaka miwili. Nakuuliza, msomaji: kama mkimbiaji aliyekuwa bingwa wa rekodi ya marathoni wakati huo alitoa miaka miwili kwa ajili ya sekunde 26, mwandishi aliona nini hata asitoe mwezi mmoja kwa ajili ya sura tatu?

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana hapo ndipo nilipokusudia kufika tangu mwanzo.

Kwa kuwa mwandishi hakuwa na wakati wa kuyakuza mapenzi, alitafuta alama za kuyaonyesha upesi. Na alama alizozichagua ni hizi. Kijana anamfuata msichana mazoezini kila siku, apende asipende. Anamnyang'anya simu na kusoma maneno aliyoandikiwa na wenzake. Anamzuia asizungumze na mkufunzi wake faraghani. Msichana aliposhinda fedha katika mbio za barabarani, kijana anazichukua azitunze, kwa kuwa msichana, asema mwandishi, hana ujuzi wa fedha. Mara moja anampiga kofi, kisha anapiga magoti. Na kila jambo katika hayo mwandishi analipamba kwa neno moja: upendo. Anatuambia kuwa wivu wa kijana ni kipimo cha huba yake, na msichana anajiona mwenye bahati kwa kulindwa hivyo.

Mwandishi aendaye polepole angaliyaona mambo haya. Angalisimama penye lile kofi na kujiuliza: msichana alilala vipi usiku ule? Kesho yake alikimbia vipi? Alimwambia nani? Lakini aendaye mbio haoni kitu ila mwisho wa njia. Kwa hiyo alilivuka kofi kama alivyouvuka ufa wa mfupa, akatuletea harusi.

Msomaji, haya si mambo ya kuchezea, hasa katika nchi ya wakimbiaji. Mwezi wa Septemba 2021, nchini Ujerumani, Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 30 na sekunde 1, wakati ambao hapana mwanamke aliyewahi kuufikia katika mbio za wanawake peke yao. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake walilia, na baada ya kulia wakaunda chama kiitwacho Tirop's Angels, ili kupigana na ukatili unaowapata wanawake majumbani. Mwezi wa Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris majuma machache tu kabla ya hapo, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika Kaunti ya Trans Nzoia na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake.

Sisemi kuwa riwaya iliua mtu. Neno hilo lingekuwa uzushi, nami sitaki kumshinda mwandishi kwa uzushi. Nasema hivi: msichana wa miaka kumi na sita, anayekimbia vizuri na anayeanza kupata fedha, atakutana na mtu atakayetaka kushika simu yake, njia yake na mfuko wake. Siku hiyo atahitaji kujua jina la jambo hilo. Kitabu chema kingalimpa jina hilo mapema. Kitabu hiki kimempa jina la uongo. Kimemfundisha kuuita mtego zawadi, na kumngoja mtegaji kwa shauku. Kuna dhuluma gani ya kalamu iliyo kubwa kuliko hiyo?

Wala usidhani kuwa mimi ni adui wa hadithi za mapenzi. Wako wazee waaminio kuwa kijana akisoma habari za mapenzi ataharibika. Mimi si mmoja wao. Mapenzi ni sehemu ya uhai, na fasihi inayoyakimbia ni kama ramani inayoficha bahari. Soma Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999. Mle mna msichana Yasmin, aliyeozwa kwa mume mwenye umri wa kuwa baba yake, naye anakuja kumpenda Denge, kijana aliyejitoa kupigania uhuru wa Unguja. Mwandishi hakuwaharakisha. Aliyaacha mapenzi yao yapitie hofu, umaskini, jela na kutengana, na kila jambo likaacha alama yake. Ukikifunga kitabu kile wajua wawili wale walipendana kwa nini, na ilikuwaje wasiishi raha mustarehe kama watu wa ngano. Mapenzi ya namna hiyo humfunza msomaji bila ya kumkaripia.

Na kama mwandishi wetu alitaka mfano wa kweli, ulikuwepo mlangoni pake. Katika mbio zile zile za Rudisha za mwaka 2012, medali ya shaba ilichukuliwa na kijana wa Kenya aitwaye Timothy Kitum. Kitum ndiye mume wa Faith Kipyegon. Mwaka 2016 Kipyegon alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 1500. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. Mwaka 2019 alirudi katika mashindano ya dunia akapata fedha; mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, akapata tena dhahabu; na mwaka 2023 akavunja rekodi tatu za dunia katika muda wa majuma machache. Mambo ya nyumba yao ni yao, wala siyachungulii. Lakini mwandishi mwenye subira angaliweza kubuni watu wake mwenyewe, wenye majina mengine, akauliza maswali ambayo maisha ya namna hiyo huyaleta. Wakimbiaji wawili wanaishije chini ya paa moja, mmoja akiwa anapanda na mwingine anashuka? Mwanamke arudiye mazoezini baada ya kujifungua husikia nini katika mwili wake mwenyewe? Ni nani amlindaye mtoto saa kumi na mbili asubuhi? Mume afanye nini ili mkewe aweze kukimbia? Kila swali katika hayo ni sura nzima, na kila sura ingalikuwa na mapenzi zaidi ya makofi na magoti yote ya kitabu kile.

Kuna utetezi wa pili, na huu nauheshimu kidogo. Husemwa kuwa mwandishi ni mtu mwenye tumbo kama watu wengine, kwamba malipo ni haba, na kwamba mchapishaji humhimiza amalize kabla ya shule kufunguliwa. Ni kweli. Lakini seremala naye ana tumbo, na mteja wake humhimiza. Walakini akiuza kiti chenye miguu mitatu na kukipaka rangi nzuri, hatumsamehi kwa sababu ya njaa yake. Twasema amemwangusha mnunuzi. Mchapishaji naye hana haki ya kujificha nyuma ya mwandishi. Kazi yake ilikuwa kumpa mtu mmoja mwenye macho kitabu hicho akisome kabla ya kupigwa chapa. Mtu huyo angaliona katika muda wa asubuhi moja kuwa maiti ya sura ya nne inatembea katika sura ya kumi.

Utetezi wa tatu ni mwepesi, nao husemwa mara nyingi: kwamba hiki ni kitabu cha kuburudisha tu, tusikitwike mizigo mizito. Najibu kuwa burudani ni kazi ngumu. Mpiga ngoma huburudisha, na akikosa mpigo mmoja wachezaji wote hugeuka kumtazama. Hapana amwambiaye kuwa ni ngoma tu. Kwa nini basi tudai mpigo sahihi kwa mpiga ngoma, na tusidai chochote kwa mwandishi?

Lakini nikuambie nawe neno, msomaji, maana sikukuita hapa ili uwacheke wengine. Sisi tusomao tuna fungu letu katika kosa hili. Tukisifu kitabu kwa kuwa kilikwisha upesi, tutaandikiwa vitabu vya kwisha upesi. Tukiuliza tu kama walioana, tutapewa harusi isiyo na ndoa. Kila ushikapo riwaya ya mapenzi, jiulize: je, watu hawa wamepewa muda wa kujuana? Ukiliondoa neno upendo katika kurasa hizi, je, matendo yao peke yake yangalionyesha kuwa wanapendana? Jaribio hilo halihitaji mwalimu. Nililifanya kwa kitabu kile, na nilipoliondoa lile neno, kilichobaki kilikuwa ni mtu anayemwinda mwenzake.

Nilipomrudishia jirani yangu kitabu chake, aliniuliza kama nilikipenda. Nilimwambia kuwa nilizipenda sura saba, na nikamweleza habari ya kofi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa hata yeye alipofika pale moyo wake ulisita, lakini kwa kuwa kitabu hakikusita, alidhani kosa ni lake. Maneno hayo yaliniuma kuliko makosa yote niliyoyahesabu. Kijana alikuwa na akili timamu na moyo ulio hai. Kitabu kikamfanya avitilie shaka vyote viwili. Nilimwambia asiache kusita. Pale msomaji anaposita na kitabu kikapita, msomaji ndiye mwenye haki.

Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Riwaya ile ilikuwa na uwanja mpana, vumbi jekundu, ukungu wa asubuhi na mama mwenye fedha chache mezani. Ilichagua kukimbia sakafuni. Ukingo wake ni ukurasa wa mwisho, na nilipofika hapo sikumkuta mtu.